Bastola Texas, kwa leseni au bila leseni: ulinganisho kuanzia kwenye mabango ya ofisi za serikali

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kubeba bastola katika jimbo la Texas bila leseni yoyote. Habari hiyo ilienea haraka kwa ndugu zetu wa Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene, ila ilienea nusu. Nusu nyingine ni kwamba leseni haikufutwa. Bado inatolewa, na anayeibeba mfukoni bado ana haki ambazo mwenzake hana. Tofauti hiyo huonekana zaidi mlangoni mwa ofisi ya serikali. Watu wawili wanaweza kufika pamoja kulipia usajili wa gari, kila mmoja na bastola yake kiunoni, mmoja akaingia kihalali na mwingine akawa ametenda kosa pale pale alipovuka kizingiti.

Ulinganisho huu ni kwa anayejiuliza kama kuna haja ya kulipa ada, kukaa darasani na kupiga shabaha ilhali jimbo halimlazimishi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukishaamua kubeba bastola Texas, chukua leseni. Na kama wewe si raia wa Marekani, sehemu inayohusu uhamiaji hapa chini ina uzito kuliko nyingine zote, hata ukiruka mengine isome hiyo.

Tafuta namba, usitafute picha

Wengi wetu tumezoea picha ya bastola iliyokatwa na mstari mwekundu. Texas, kwa mwenye leseni, picha hiyo peke yake haitoshi kisheria. Kinachomfunga ni bango lenye maneno yaliyotungwa na Bunge la jimbo, na maneno hayo huanza kwa kutaja kifungu cha Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo jicho liende kwenye namba.

Bango la 30.06 linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa. Bango la 30.07 linamkataza huyo huyo kuingia na bastola inayoonekana. Bango la 30.05 linamhusu mtu asiye na leseni. Bango la 46.03 linamhusu kila mtu, kwa sababu linatangaza kwamba mahali hapo silaha zimekatazwa na sheria yenyewe, si na mwenye jengo. Kwenye baa utakuta pia namba 51 na alama ya asilimia, kwa wino mwekundu, maana yake zaidi ya nusu ya mapato ya pale hutokana na pombe inayonywewa hapo hapo. Huko bastola haiingii.

Simama mbele ya bango la 30.06 ulitazame kwa makini. Herufi ni kubwa zote, kila moja ina kimo cha inchi 1 au zaidi, na rangi yake lazima ipingane na rangi ya nyuma, mathalani nyeupe juu ya nyeusi. Maneno yamo kwa Kiingereza, kisha yamerudiwa kwa Kihispania. Kwa sababu sentensi ni ndefu na herufi haziruhusiwi kupunguzwa, bango hufunika sehemu kubwa ya kioo cha mlango. Ukiona kibandiko kidogo chenye namba 30.06 kimebandikwa pembeni ya kitasa, hicho hakijatimiza sheria. Bango la 30.07 lina sharti moja la ziada: lazima liwe kwenye kila lango la kuingilia.

Kiswahili hakimo. Mtu aliyefika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu, anayesoma Kiswahili na Kifaransa, atasimama mbele ya maandishi hayo na kuondoka na namba tu. Ndiyo maana nasisitiza namba.

Chanzo cha haya yote ni kisa cha Killeen. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mmoja aliingia na gari katika mkahawa wa Luby's mjini humo, akaanza kufyatua risasi, akaua watu 23. Suzanna Hupp, aliyewapoteza wazazi wake wote wawili siku ile, alikuwa ameiacha bastola yake ndani ya gari kwa sababu sheria ya wakati huo haikumruhusu kuibeba. Alikwenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge, baadaye akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Mwaka 1995 Gavana George W. Bush alitia saini sheria ya leseni za kubeba bastola kwa kuficha. Kila mwenye jengo akaanza kutundika kibao chake kwa namna aipendayo, na mwaka 1997 Bunge likaleta bango moja la 30.06 ili kila mtu ajue lipi lina nguvu. La 30.07 lilikuja baada ya kubeba kwa wazi kuruhusiwa kwa wenye leseni kuanzia tarehe 1 Januari 2016. Matumizi ya 30.05 kwa wasio na leseni, pamoja na bango la 46.03, yalikuja na sheria ya 2021.

Ofisi ya jiji, ya kaunti na ya jimbo

Hapa ndipo leseni inapojilipa. Kifungu cha 30.06 chenyewe kinasema hakimhusu mwenye leseni pale jengo linapomilikiwa au kukodiwa na serikali ya jimbo, kaunti au jiji, isipokuwa jengo hilo liwe miongoni mwa yale yaliyotajwa na 46.03. Kwa maneno mengine, duka la mtu binafsi linaweza kukuzuia kwa bango la 30.06, ofisi ya jiji haiwezi. Maktaba ya jiji, ofisi ya kulipia maji, ofisi ya DPS (Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo) unakokwenda kupata leseni ya udereva, dirisha la kaunti la kodi na usajili wa magari, kote huko mwenye leseni anaingia. Hata jengo la Bunge la jimbo mjini Austin anaingia.

Mwaka 2015 Bunge liliongeza makali. Kifungu cha 411.209 cha Kanuni ya Serikali kinaikataza ofisi ya umma kutundika bango, au kuchukua hatua yoyote inayosema au kuashiria kwamba mwenye leseni haruhusiwi, mahali ambapo kisheria anaruhusiwa. Faini ya kosa la kwanza ni kati ya dola 1,000 na 1,500. Kosa la pili na kuendelea ni kati ya dola 10,000 na 10,500. Kila siku bango linapobaki mlangoni ni kosa jipya. Fedha hizo huingia katika mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu.

Jiji la Austin liliuonja uzito wa kifungu hiki. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, alilishtaki mwaka 2016 kwa kuwazuia wenye leseni kuingia na bastola katika makao makuu ya jiji, na mwaka 2019 jaji akaliamuru lilipe dola 9,000, yaani dola 1,500 kwa kila siku, kwa siku 6.

Sasa mgeukie asiye na leseni. Kifungu cha 411.209 hakimtaji kabisa. Kinamlinda mwenye leseni peke yake. Bango la 30.05 likiwa mlangoni, mwenye leseni ana utetezi kwa sababu sheria yenyewe imempa, naye asiye nayo hana. Zaidi ya hapo, mwenye leseni anaweza kudai maneno kamili na herufi za inchi 1 ndipo afungwe na bango. Asiye na leseni asitegemee kasoro ya bango, maana 30.05 inakubali onyo la namna nyingi: la mdomo, la maandishi, au kibao kinachoweza kuonekana na anayeingia. Ile picha ya mstari mwekundu isiyo na nguvu kwa mwenzake inaweza kumtia yeye hatiani.

Adhabu ya kupuuza 30.05, 30.06 au 30.07 huanza chini, kosa dogo la daraja C lenye faini isiyozidi dola 200. Lakini mtu akikuambia kwa mdomo utoke nawe ukabaki, linapanda kuwa daraja A: hadi mwaka 1 jela na faini hadi dola 4,000. Iwe una leseni au huna, mwenye mamlaka ya jengo akikwambia toka, toka. Kama amekosea, utamshtaki kwa barua ukiwa nje.

Jambo moja huwashangaza wengi, nao walioajiriwa serikalini walizingatie. Haki hii ni ya mgeni anayekuja kuhudumiwa. Mwajiri, wa umma au wa binafsi, anaruhusiwa kumkataza mfanyakazi wake kubeba bastola kazini hata kama ana leseni. Hivyo kwenye dirisha moja, aliyesimama mbele ya kioo anaweza kuwa na bastola kihalali na karani aliyeketi nyuma yake akafukuzwa kazi kwa kuwa na ya kwake. Ukiajiriwa na jiji au kaunti, soma kanuni za ajira kabla ya kusoma bango.

Jengo la mahakama, na majengo ya mchanganyiko

Kifungu cha 46.03 hakiangalii leseni kwa sehemu kubwa. Mahakama na ofisi zinazotumiwa na mahakama zimo. Shule zimo. Gereza limo, na eneo la ndani la uwanja wa ndege baada ya ukaguzi limo. Hapa si faini ya dola 200 tena. Makosa mengi ya kifungu hiki ni jinai ya daraja la tatu, kifungo cha miaka 2 hadi 10 na faini hadi dola 10,000.

Kwa hiyo swali zito kuliko yote katika ofisi za serikali Texas ni hili: jengo hili ni mahakama au si mahakama? Na jibu haliko wazi kila mara. Kaunti nyingi zina jengo moja ambamo ghorofa ya chini unalipa kodi ya nyumba na kuchukua stika ya gari, na ghorofa ya juu anakaa jaji. Vituo vidogo vya kaunti, vile vilivyo karibu na makazi ya watu, mara nyingi vina chumba cha mahakama ndogo ya kesi za madai madogo na faini za barabarani. Je, bastola imekatazwa jengo zima au pale tu mahakama inapofanyia kazi?

Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu alitoa maoni kwamba katazo linahusu vyumba vya mahakama na ofisi ambazo ni za lazima kwa kazi ya mahakama, si jengo zima. Kaunti nyingine zikakataa. Kaunti ya Waller, magharibi mwa Houston, ilishikilia kwamba jengo lake lote ni mahakama, na mvutano huo ukaburuzana mahakamani kwa miaka. Maoni ya Mwanasheria Mkuu yana uzito, lakini si hukumu, na askari aliyesimama mlangoni si yeye atakayelipia wakili wako.

Hapa leseni na kukosa leseni vinakaribia kulingana, na ushauri wangu kwa pande zote mbili ni mmoja: jengo lenye mahakama ndani yake, hata chumba kimoja, nenda mikono mitupu. Kinachopatikana kwa kushinda hoja ya ghorofa ya chini ni kidogo mno ukikipima na miaka 2 hadi 10.

Kuna mambo mengine mawili yanayobadilisha jengo halali kuwa haramu bila jengo lenyewe kubadilika. La kwanza ni uchaguzi. Kituo cha kupigia kura kimekatazwa siku ya uchaguzi na pia kipindi chote cha kura za mapema. Maktaba ya jiji uliyoingia na bastola kihalali mwezi Septemba inaweza kuwa kituo cha kura mwezi Oktoba, na huenda umekuja kurudisha kitabu tu. Ukiona mishale ya kuelekeza wapiga kura na foleni kwenye ukumbi, rudi. La pili ni kikao cha wazi cha serikali, kama baraza la jiji au makamishna wa kaunti. Chumba cha kikao kimekatazwa kikao kikiwa kinaendelea, mradi taarifa ya kikao ilitolewa kama sheria ya mikutano ya wazi inavyotaka. Katazo ni la chumba. Korido na ofisi za jirani zinabaki kama zilivyokuwa.

Sheria ya 2021 ilileta nafuu kidogo kwa aliyeingia kwa kutojua. Ukiingia mahali palipokatazwa na 46.03, mwenye mamlaka ya mahali hapo akakwambia, nawe ukaondoka mara moja, una utetezi. Utetezi huo hufa ikiwa bango la 46.03 lilikuwa kwenye kila lango, au ikiwa ulikuwa unajua. Ndiyo sababu bango hili ni la kuheshimiwa kuliko mengine yote: likishatundikwa ipasavyo, huwezi tena kusema hukujua.

Na niseme jambo ninaloliamini sana kuhusu mabango ya uongo. Watu wengine hulitazama kifungu cha 411.209 kama zawadi kwa wapenda silaha. Mimi nakiona kama kinga ya mgeni. Ofisi ikitundika katazo lisilo na nguvu, mwenyeji anayejua sheria atalipita tu, na mgeni atamwona akilipita. Kesho mgeni huyo atalipita bango la mahakama akidhani ni yale yale. Ofisi ya umma ina wajibu wa kuandika ukweli mlangoni mwake, na wajibu huo ni mkubwa zaidi pale wanaosoma hawajui lugha vizuri.

Uwanja wa maonyesho wa Dallas, mahali sheria ilipopishana

Fair Park ni mali ya Jiji la Dallas, lakini maonyesho makubwa ya kila mwaka huendeshwa na shirika binafsi linalokodi uwanja huo. Oktoba 2023 watu watatu walijeruhiwa kwa risasi katika maonyesho hayo. Agosti 2024 waandaaji wakatangaza kwamba hakuna bastola, hata kwa mwenye leseni. Paxton akaenda mahakamani akidai ardhi ni ya umma na katazo ni batili. Mahakama ya mwanzo ilikataa kulisimamisha katazo, ya rufaa ikakataa, na Mahakama ya Juu ya Texas ikakataa pia siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa tarehe 27 Septemba 2024.

Funzo kwa mwenye leseni ni kwamba "mali ya serikali" si neno la kulikimbilia. Uwanja, bustani ya wanyama, ukumbi wa mikutano, vingi ni vya jiji kwenye hati na vya mwingine kwenye uendeshaji. Katika ofisi ya kawaida inayoendeshwa na watumishi wa jiji wenyewe, leseni inakulinda. Kwenye kumbi zilizokodishwa, utii bango.

Ofisi za serikali kuu ya Marekani

Hapa hakuna cha kulinganisha. Ofisi ya Social Security, ofisi ya uhamiaji unakokwenda kupigwa alama za vidole au kufanya usaili wa uraia, mahakama ya serikali kuu: leseni ya Texas haina kazi. Sheria ya nchi inaadhibu kuingia na silaha katika jengo la serikali kuu kwa kifungo hadi mwaka 1, na hadi miaka 2 likiwa jengo la mahakama. Sheria hiyo nayo inataka tangazo liwekwe kwenye kila mlango wa umma, na tangazo hilo halina namba za Texas. Litataja kifungu cha 930 cha sheria za nchi.

Posta ina kanuni yake inayogusa hadi maegesho. Kanuni hiyo imekuwa ikipingwa mahakamani, Texas ikiwemo, lakini kesi ya mtu mwingine si ruhusa yako. Ukienda posta, bastola ibaki nyumbani, si ndani ya gari.

Shule na vyuo

Kwa kuwa ofisi nyingi za serikali ziko katikati ya makazi, barabara ya kuzifikia hupita karibu na shule, na hapo ipo tofauti ambayo watu wachache huitaja. Sheria ya nchi inakataza kuwa na bastola ndani ya futi 1,000 kutoka eneo la shule, yaani mita 300 hivi, nje ya mali ya mtu binafsi. Imemwachia aliye na leseni iliyotolewa na jimbo ambamo shule hiyo ipo. Asiye na leseni hakuachiwa, hata kama Texas imemruhusu kubeba. Lazima silaha yake iwe haina risasi na imefungiwa kwenye chombo chenye kufuli. Fungua ramani ya Houston uhesabu shule zilizo kati ya nyumba yako na unakokwenda. Mimi nikitakiwa kutaja sababu moja tu ya kuchukua leseni, nitataja hii.

Ndani ya shule yenyewe hakuna anayeingia. Vyuo vikuu vya umma ni habari nyingine: tangu tarehe 1 Agosti 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kubeba kwa kuficha chuoni, na vyuo vya jamii vilifuata mwaka mmoja baadaye, ingawa chuo kinaweza kuyatenga baadhi ya maeneo. Asiye na leseni haruhusiwi.

Uhamiaji

Uliyekuja kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, sheria ya nchi inakukataza kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Sheria ya Texas ya 2021 haikukufungulia mlango, kwa sababu yenyewe inamtaka mtu asiwe amezuiwa na sheria ya nchi. Asiye na hadhi ya kisheria amekatazwa kabisa. Kushika bastola ya binamu yako kwenye uwanja wa shabaha ili upige picha nako ni jambo la kumuuliza mwanasheria kwanza.

Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki na anaweza kuomba leseni. Lakini anabeba hatari ambayo raia haibebi. Sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haikusema lazima iwe jinai kubwa. Raia aliyekosea mlango wa mahakama atahesabu faini, wakili na siku za jela. Wewe utahesabu hayo, kisha uhesabu watoto walio shule hapa, na kesi mbele ya jaji wa uhamiaji. Ukikamatwa kwa jambo lolote la silaha, usikubali kosa kwa sababu tu umeambiwa faini ni ndogo. Mpigie kwanza mwanasheria anayejua uhamiaji na jinai kwa pamoja.

Nani achague nini

Mwenye viza: usibebe, usimiliki.

Mwenye kadi ya ukazi anayefanya kazi za usiku, tuseme dereva wa teksi au muuza duka la petroli, na ameamua kwamba anahitaji bastola: leseni ni lazima, hata kama jimbo haliilazimishi. Inakuondolea hatari ya futi 1,000 za shule, inakufungulia ofisi za jiji na kaunti, na darasa lake litakufundisha mabango haya mbele ya mwalimu wa kumuuliza. Siku ya mahakama, posta, kura au uhamiaji, iache nyumbani kwenye sanduku la kufuli. Kuiacha garini ni chaguo la pili, na baya, kwa sababu vioo huvunjwa na bastola yako itaishia mikononi usikokujua.

Raia anayebeba mara chache, labda akisafiri barabara ndefu ya kwenda Amarillo: kisheria anaweza kubaki bila leseni. Hata huyo ningemshawishi, kwa kuwa Texas ikiisha, ruhusa yake ya kubeba bila leseni imeisha nayo, ilhali leseni ya Texas inatambuliwa na majimbo zaidi ya 30.

Na yupo ambaye hahitaji bastola kabisa, ila ananunua kwa sababu jirani amenunua. Kwake sina ulinganisho. Asinunue.

Leseni yenyewe inavyopatikana

Hutolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, DPS, na maombi hufanywa kwa mtandao. Ada ilikuwa dola 140. Tangu 2017 ni dola 40, kwa mwombaji mpya na kwa anayehuisha. Utalipia kando mwalimu na alama za vidole. Darasa ni la saa 4 hadi 6: matumizi ya nguvu kisheria, namna ya kutuliza ugomvi kabla haujafika kwenye silaha, utunzaji wa bastola watoto wasiifikie, na mahali palipokatazwa. Darasa hilo siku hizi linaweza kusomwa mtandaoni, lakini shabaha lazima uende uwanjani mwenyewe: risasi 50, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15, na unahitaji pointi 175 kati ya 250.

Mtihani wa maandishi ndio unaowatisha wenzetu ambao Kiingereza hakijakaa. Kabla ya kulipa, muulize mwalimu kama atakuruhusu uje na mtu wa kukufafanulia, na usome mapema maneno ya mabango manne uliyoyaona hapa juu, kwa sababu maswali huyarudia. Leseni ya kwanza hudumu hadi siku yako ya kuzaliwa inayofuata baada ya miaka 4 kutimia, kisha kila ikihuishwa ni miaka 5. Ikiisha bila kuhuishwa, kwenye mlango wa ofisi ya jiji wewe ni mtu asiye na leseni, na bango la 30.05 linakuhusu tangu siku hiyo.

Ukikuta ofisi ya umma imetundika katazo lisilo halali, usibishane na mlinzi. Piga picha ya bango na ya mlango, andika barua kwa ofisi hiyo ukitaja mahali na kosa lenyewe, tunza nakala. Sheria inawapa siku 3 za kazi kuliondoa. Zikipita, peleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu pamoja na ushahidi. Akiona yana msingi, ataipa ofisi siku 15 za kurekebisha kabla ya kwenda mahakamani kudai faini. Huhitaji wakili kwa hatua hizo, na mkazi yeyote wa Texas anaweza kulalamika, awe na leseni au asiwe nayo.